Mwenye Kamyo Amelala

Kazi ya kuuza piese, vipuri vya magari yaliyokufa, haina heshima. Nasema mapema, ili muntu asidanganyike kama wale wenye kupita barabarani wakaona janti za magurudumu zimepangwa na motere zimefunikwa na manyasi, wakasema: yule mama iko na mali. Mali gani? Nimetumika hii kazi miaka kumi na moja hapa Mushaki, kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi, na kitu nimevuna zaidi ni maadui.

Bwana yangu alikufa akaniachia shamba moja la maharagi, refu na jembamba. Kichwa chake kiko kwenye barabara, mukia wake unashuka mpaka kwenye maji. Sisi ni watu wa kulima. Babu zetu walilima mulima huu kabla hata barabara haijapita. Sikufikiri siku moja kama nitaweka chuma mahali pa maharagi. Lakini kamyo, malori ya mizigo, zinakufa kwenye mupando wetu wa mulima. Mvua ikinyesha, udongo unakuwa kama sabuni, na shofere mwenye kupakia viazi kupita nguvu ya gari anafika pale kwangu njo anavunja. Wa kwanza aliniomba nimulindie pikapu yake yenye kuvunjika. Hakurudi. Mwingine akapita anatafuta radiatere. Nikamuonyesha pikapu. Hapo kazi ilianza, bila mimi kuiomba.

Mudogo wa bwana yangu, shemeji yangu, alikuja na mikono mugongoni.

— Shemeji, udongo wa baba yetu sasa unaulisha mafuta ya motere?

— Maharagi yalikufa na ugonjwa misimu miwili. Wewe uliniletea mbegu gani?

Akatema mate pembeni. Kisha akaniambia kama famille, jamaa wote wa bwana yangu, ilikaa bila mimi, ikasema hivi: nikishindwa na hii kazi ya wanaume, shamba linarudi kwao, na mimi nitafute pa kukaa kwa watoto wangu. Nilijua hapa kama kila siku nitakuwa natumikia ule udongo, si tumbo langu.

Sikusoma sana. Mwaka wa tatu wa masomo ya musingi, baba alinitoa nichunge mbuzi. Majina ya piese niliyajua kwa sikio, kwa kinywa cha fundi niliyemuchukua, muntu muzima wa Walikale mwenye mvi, masikio yake yameharibika na nyundo. Alikuwa anasema kidogo na kutumika sana. Kutofautisha piese, nilifunga kamba za mugomba: fundo moja ni ya kamyo, mafundo mawili ni ya gari ndogo, mafundo matatu ni ya kuonyesha tu, imeharibika ndani. Wanaume walikuwa wanacheka. Walikuwa wananiita Mama Mitraye, mama wa vyuma vikuukuu. Kisha wananunua.

Kwetu Masisi ni inchi ya ngombe, na tunasema magari vile tunasema ngombe. Hatusemi tunaifungua gari, tunasema tunaichinja. Motere ni moyo, bwati ya vitesi, sanduku la gia, ni tumbo, ponti ya nyuma, chuma chenye kushika magurudumu, ni mugongo, na vile vidogo vidogo vyote ni utumbo. Na sheria ni moja tu: ngombe ya muntu, usiitie kisu kama mwenyewe hakusema. Watu waliniletea magari yao kwa sababu ya ile sheria. Pengine waliacha gari leo, wakarudi musimu mwingine, wakakuta hata kioo kidogo cha pembeni kiko mahali pake.

Shida nyingine sitazieleza zote. Wenye karatasi za serikali walikuja, kila mumoja na kashe yake, muhuri wake. Mumoja aliniuliza, na hakuwa anacheka: «Mama, hii gari ilikufa kwa ruhusa ya nani?» Wenye bunduki walikuja pia, wakachukua batri na mipira ya magurudumu. Sikuuliza wao ni wa nani. Muntu wa huku anajua kutouliza. Kanisani waliniambia kama gari yenye kuua watu inabaki na damu, na mimi naiingiza katika parseli yangu, kiwanja changu, na kulala kando yake. Niliosha viti na maji na sabuni, nikaomba, nikauza. Hao hao wa kanisa walinunua.

Sasa nije kwa ile kamyo.

Ilikuwa ya papa mumoja wa Muheto, mwenye kubeba viazi na maharagi kupeleka Goma. Ilianguka katika mufereji karibu na kwangu, shasi, mifupa yake ya chini, ikapinda. Motere ilikuwa nzima, bwati nzima, ponti nzima. Wakaivuta na watu arobaini na kamba mpaka katika parseli yangu. Yeye alikuwa muntu wa mizaha. Akapiga kabini na kiganja, mbele ya fundi, akaniambia:

— Mama, mimi ningali napumua, usitoe hata bulo moja ya kufungia. Nitatafuta shasi. Lakini siku nitakufa, uchinje tu. Watoto wangu ni wa masomo, hawajui hata mulango wake unafunguka wapi. Utawapa sehemu yao.

— Papa, usiite kifo.

— Kifo haingoje kuitwa, mama. Njo maana nakwambia leo.

Miezi ikapita. Mvua ikaja na ile kamyo ingali imesimama. Kazi ilikuwa imelala njaa: magari hayakupita tena mengi, barabara ilikuwa mbaya, na watu walikuwa wanakimbia huku na kule na magodoro kichwani, hakuna mwenye kutafuta piese. Shemeji alianza kupita kila asubuhi anapima shamba na macho. Hata alikuja siku moja na muntu wa kununua, wakasimama barabarani, wakanyoosha vidole.

Njo mwanamuke mumoja wa Muheto akashuka. Alikuwa anauza fromaje, jibini ya ngombe zetu, na tulijuana. Alikuwa jirani ya yule papa. Akatua kikapo, akaniambia:

— Mama, yule papa wa kamyo, amelala.

Nikaacha kuchagua maharagi.

— Amelala! Tangu lini?

— Tangu siku ya Mungu. Ilimuanza mu kifua, kisha akaanguka.

— Eee, Mungu wangu. Na wamemulalisha wapi?

— Goma.

— Goma? Hawakumupandisha nyumbani?

— Na hii njia, mama? Nani angemupandisha?

— Na bibi yake?

— Iko kule Goma. Analia tu. Hata chakula anakataa.

Nikasema:

— Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Akasema:

— Amina.

Akainua kikapo chake, akaenda.

Muntu wa mbali atashangaa. Lakini sisi watu wa kanisa hatusemi kama muntu amekufa, hasa mukristo, hasa papa wa watu. Tunasema amelala. Na muntu akienda hopitali akapewa kitanda, tunasema pia amelala. Neno ni moja, vitanda ni viwili, na mimi nilichagua kitanda cha udongo. Nilipiga simu yake, ilikuwa imefungwa. Nikasema: bila shaka, simu ya marehemu inafungwa. Ningeweza kupanda Muheto na miguu, siku moja tu kwenda na kurudi. Sikupanda. Nitasema ukweli, hata kama hakuna mwenye kuniuliza: sikupanda kwa sababu sikutaka kusikia neno lingine.

Nilifanya mambo ya heshima. Nilituma gunia la viazi Muheto, na neno hili: ya yule papa mwenye kulala. Watu wa kwake wakakula, wakatuma asante. Nikangoja siku za matanga ziishe zote. Hapo nikamwita fundi.

— Leo tuchinje ile kamyo.

Akafuta mikono, akaiangalia.

— Mama, tungoje muntu wa famille aje na karatasi.

— Wewe ulisikia vile alisema. Alisema mbele yako.

— Nilisikia. Lakini masikio yangu ni ya kupungua, mama. Tungoje.

— Shemeji hatangoja.

 Akachukua kle yake ya kufungulia bulo. Siku nne alichinja, na mimi nilifunga mafundo. Ilikuwa nyama nzuri, kila kitu kilienda. Motere ilipanda Masisi. Ponti ilienda Walikale, na bwati ya vitesi pia. Resori za nyuma, vile vyuma vya kubeba uzito, zilichukuliwa na mufuachuma mumoja wa huku kwetu. Sehemu ya watoto wa marehemu, pesa zao, niliiweka mbali, ndani ya kitambaa, nikingoja mama yao arudi kutoka Goma. Na shemeji aliponipita ile wiki, nilimusalimia mimi wa kwanza.

Alikuja siku ya soko, mchana kabisa, jua limetoka. Pikipiki ikasimama, papa mumoja akashuka na fimbo mukononi, amekonda kama mupira wa ndani wenye kutoboka. Fundi alimuona kabla yangu. Alisema tu «Mama», kisha akakaa juu ya janti.

— Jambo, mama.

— Jambo, papa.

— Munaniangalia kama vile munaona muzimu. Kamyo iko wapi? Muliisukuma kule chini?

— Papa, tulisikia ulilala.

— Nililala kweli! Miezi miwili na nusu, kitanda cha kando ya dirisha. Kifua kilijaa maji.

— Sisi tulisikia... ulilala.

Akaangalia kabini. Ilibaki kabini na ile shasi ya kupinda, na kuku walikuwa wametaga mahali pa kiti cha shofere. Akaniangalia mimi. Akaangalia kuku tena. Kisha akaanza kucheka.

— Mulinizika! Mungu wangu, mulinizika! Kumbe vile viazi vilikuwa vya kilio yangu! Bibi yangu alisema: huyu mama wa Mushaki ana roho nzuri, hata ugonjwa wako anaukumbuka!

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka fundi akamushika mukono. Na mimi nikacheka. Ile ilikuwa kosa yangu ya pili. Akakata kicheko.

— Wewe, mama, unacheka nini?

Nikaingia ndani, nikatoa kile kitambaa cha sehemu ya watoto. Hakukigusa. Alisema: «Hiyo ni ya mayatima. Watoto wangu si mayatima.» Akapanda pikipiki, akaenda moja kwa moja kwa chefu wa kijiji.

Tulikaa barza, baraza ya chefu, siku tatu. Watu walikuja kama kwa arusi. Chefu wetu si muntu mubaya, aliniuliza polepole.

— Mama, huyu mwanamuke alikwambia kama papa amekufa?

— Hapana.

— Alisema maiti? Alisema kaburi?

— Hapana.

— Basi wewe ulisikia nini?

— Nilisikia vile tunasemaka.

Wakamwita mama wa fromaje. Akasimama, amekasirika kwa kupotezewa siku ya soko.

— Mimi nilisema amelala. Alikuwa amelala! Ningesema nini, ameamuka?

— Lakini nilisema Bwana ametwaa, na wewe ukajibu Amina! — nikamwambia.

— Mama, muntu akisema neno la Mungu, nisiseme Amina? Nitukane?

Watu wakacheka, hata chefu aliweka kofia yake mbele ya kinywa. Shemeji hakucheka. Alisimama, akasema kwa sauti ya mazishi: «Wazee, huyu mama alimuchinja muntu mwenye kupumua. Kesho atamuchinja nani?» Na hapa nikaona watu wanaacha kucheka, mumoja mumoja.

Chefu akakata hivi. Mpaka viazi vichimbuliwe, nirudishe motere, bwati, ponti na resori, vyote vinne, kwenye manyasi, mbele ya mwenyewe. Kikikosa kimoja, kichwa cha shamba, ile sehemu ya barabarani, kinakuwa cha mwenye kamyo. Mukia nabaki nao. Niliitika. Kila muntu pale alijua kama parseli ya piese bila barabara ni kisima juu ya mulima.

Nikafunga kitenge, nikaenda na fundi kutafuta nyama niliyouza.

Motere haikuwa shida. Mununuzi wa Masisi hakuwa ameipandisha. Alikubali nimuchagulie nyingine, yenye kupita ile. Resori, ole wangu. Mufuachuma alinipokea na kiti, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha majembe aliyofua na zile resori. Tisa alikuwa ameuza. Matatu yalibaki, yangali meusi ya moto. Wakati wa kurudi niliona mwanamuke juu ya mulima analima, jembe jipya linapiga jua, na nikajua kama ile ni kamyo ya muntu inalima maharagi. Resori nyingine nilizitoa katika gari zangu mwenyewe.

Kwenda Walikale tulitumia siku tano na pikipiki mbili. Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na wanne. Nilishuka kila mahali pa matope na kutembea, na kila mahali pa kamba ya bariere, pa kufungia barabara, waliniuliza swali moja.

— Mama, unaenda wapi na kle mukononi?

— Naenda kutafuta tumbo ya kamyo.

— Eh! Na yako iko wapi, mama? Uliiacha nyumbani?

Wanacheka, wanataka kitu, wanapokea, wanafungua. Nilikuwa najibu vile vile kila mahali, sikuwa na nguvu ya kutafuta jibu lingine.

Ponti niliikuta Walikale, chini ya gari yenye kusimama tangu muda. Mwenyewe alifurahi kuiachia. Lakini bwati ilikuwa imeuzwa tena. Ilikuwa Hombo, ndani ya kamyo ya kubeba mafuta ya ngazi, mawese, inatembea kila siku. Nikaenda Hombo.

Yule mwenye mafuta alinipokea vizuri, hata alinisifu.

— Bwati yako iko muzuri sana, mama. Mupando yote inapanda. Asante.

— Nimekuja kuirudisha. Mwenyewe hakukufa.

— Mungu asifiwe!

— Papa, nisikilize. Nitakupa nyingine.

— Iko wapi?

Sikuwa nayo. Alijua sina, bwati ya namna ile haiokotwi.

— Mama, ulipika, nikakula, leo unataka nitapike? Ni yeye alifufuka. Bwati haikufufuka, ilikuwa muzima siku zote.

Nilikaa kwenye mulango wake siku mbili. Sikupiga kelele, sikulia. Niliona ile kamyo inatoka, inarudi, inatoka, na nikaisikia ikibadilisha vitesi kwenye kona, bila kukwama. Bibi yake aliniletea fufu na sombe mara mbili kwa siku. Siku ya pili akakaa kando yangu, akasema: «Mama, rudi nyumbani. Yeye akisema hapana, hata mimi huwa nanyamaza.» Fundi naye akasema: «Turudi.» Tukarudi.

Siku ya viazi niliweka vyote kwenye manyasi. Motere. Ponti. Resori. Mahali pa bwati niliacha wazi, sikuweka kitu cha kudanganya macho. Mwenye kamyo akazunguka na fimbo yake, polepole, afya ilikuwa imerudi kidogo.

— Na bwati?

— Iko Hombo. Wamekataa.

Angeweza kuniachilia. Wote tulimungoja, hata chefu, aliinama kidogo kama muntu mwenye kumusaidia kusema. Nilisikia mwenyewe moyo wangu unamuomba, na mimi si muntu wa kuomba. Akasema:

— Mama, ulinilindia kamyo vizuri miezi mingi. Sisahau. Lakini na mimi niko na watoto.

Wakapima na hatua za miguu, kutoka barabara mpaka kwenye muti wa mufagio. Shemeji alikuwa pale na uso wa sikukuu, mpaka alipofahamu kama ile sehemu hairudi kwa famille, inaenda kwa muntu wa Muheto. Akaanza kubisha. Nilimwambia: «Nyamaza, shemeji. Wewe njo ulisema kwa sauti ya mazishi.» Mashimo ya lupango, ua wa kutenga sehemu yake, nilichimba mimi mwenyewe. Sikutaka muntu mwingine achimbe kwa kucheka.

Yule papa hakutafuta shasi tena. Aliona kile nilichokiona mimi miaka kumi na moja nyuma: kwamba kamyo zinakufa mbele ya ule mulango. Alifungua parseli ya piese, na motere ya kwanza aliyoiuza ni ile niliyomurudishia. Fundi alinitumikia wiki mbili tena kwa haya, kisha akapanda juu kwa yule papa. Sikumushika. Fundi anafuata chuma. Watu wa kanisa wananiambia nimusamehe yule papa. Yeye hakuniomba musamaha, na mimi sikumupa.

Nilihamisha vitu vyangu kwenye mukia wa shamba, kando ya maji, mahali hakuna gari inaona. Kila asubuhi napandisha kwa mugongo alternatere mbili, radiatere moja na bakuli ya bulo, nazipanga barabarani, kwenye manyasi ambayo si ya muntu, mbele ya lupango lake. Akitoka anasema: «Jambo, mama.» Najibu: «Jambo, papa.» Muntu akisalimia anajibiwa. Gari ikisimama, yeye anaita kutoka mulangoni na mimi naita kutoka kwenye manyasi, na shofere anasimama katikati na piese mbovu mukononi hajui aende wapi. Kifua chake hakikupona vizuri. Mimi naita kwa nguvu.